Kabla ya kupokea funguo, washa kila kitu

Alfajiri ya Julai hapa Mbeya anaijua kila aliyewahi kuamka kuwahi basi. Saa kumi na moja na nusu, koti juu ya sweta, nilikuwa nimesimama kando ya jenereta nyuma ya nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, vyumba 24. Mwenye nyumba, mama mmoja muuguzi mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote pale, alisimama mlangoni akiwa amejitanda kitenge mpaka masikioni. Wiki moja kabla, umeme ulikuwa umekatika saa kama hiyo, wageni wakijiandaa kwenda kwenye semina. Jenereta iliwaka yenyewe, ikabeba nyumba dakika chache, kisha ikazima. Watu wakabaki gizani na sabuni mwilini. Wawili walihama siku hiyohiyo.

Tulizima umeme wa nje, jenereta ikawaka. Nilimwomba kijana wa mapokezi apite chumba kwa chumba akifungua shawa za moto, moja baada ya nyingine, na kila anapofungua anitajie namba kupitia dirisha la ngazi. Moja. Mbili. Tatu. Mpaka ya sita mngurumo haukubadilika. Ya saba ukawa mzito. Ya nane taa ya ukutani ikapepesa. Aliposema "tisa!" moshi mweusi ulitoka kwenye ekzosi, taa zikawa za njano kama za koroboi, na mshale wa kipimo cha mizunguko ya umeme kwa sekunde, uliopaswa kutulia kwenye 50, ukashuka mpaka 46. Nikampigia kelele afunge.

"Lakini injinia, hii ni mpya," mama alisema. "Na siku ya kukabidhiwa waliiwasha, wote tukaisikia."

Ni kweli waliiwasha. Haikubebeshwa kitu.

Kibandiko cha ile jenereta kinasema kVA 60, ambazo kwa hesabu ya kawaida ni kilowati 48. Lakini namba ya namna hiyo hupimwa kwenye hewa nzito ya karibu na usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya huko chini. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, ikivuta hewa nyepesi hupoteza nguvu, na kwa mwinuko wetu hupoteza kati ya asilimia 15 na 20. Kwa hiyo kilowati 48 za kwenye kibandiko zilikuwa zimebaki kama 39. Shawa moja pale inakula kilowati 4.5. Nane ni 36. Ongeza taa, friji za jikoni na vifaa vya mapokezi, umefika ukingoni. Ya tisa inaimwaga. Na vyumba ni 24.

Nilipitia karatasi zote za ujenzi nikitafuta aliyekosea, na ukweli ni kwamba sikumpata mtu wa kumnyooshea kidole. Aliyeuza jenereta aliuza kVA 60 kama alivyoagizwa. Fundi umeme alifunga nyaya vizuri, tena kwa usafi. Mkandarasi alijenga kama mchoro unavyosema. Kila mmoja alimaliza kipande chake, akalipwa, akaondoka. Swali ambalo halikuwa kazi ya mtu yeyote ni hili: alfajiri ya Julai, umeme ukikatika na wageni wote wakafungua maji, itakuwaje? Swali hilo lilikuja kuulizwa na wageni wenyewe, wakiwa na sabuni mwilini.

Kwenye majengo makubwa ya nchi nyingine kuna kazi maalumu ya kuuliza maswali ya aina hiyo mapema. Saiti zetu huiita "komishening", na nimeona wenye majengo wakikunja uso wakilisikia neno hilo, kwa kuwa wanadhani ni kamisheni ya dalali mwingine tena. Mimi nitaiita uthibitisho wa jengo. Maana yake ni kuhakikisha, kwa maandishi na kwa majaribio, kwamba jengo linafanya kile mwenyewe alichotaka lifanye. Huanza kabla mchoro wa kwanza haujachorwa, na huisha miezi kadhaa baada ya watu kuhamia.

Neno "komishening" lenyewe lilitoka kwenye meli. Aliyefika Kyela ameiona au amesikia habari za MV Mbeya II, iliyoundwa hukohuko Itungi kwa ajili ya Ziwa Nyasa. Meli ikimaliza kuundwa, haipewi abiria siku ya kushushwa majini. Hupelekwa kwanza kwenye maji mengi, ikapigishwa mwendo, ikageuzwa ghafla, ikasimamishwa, pampu na taa na redio zikajaribiwa zote, na wapokeaji wakiwa ndani wanaangalia. Anayepokea meli anajua kwamba ikishindwa katikati ya ziwa hakuna pa kuegesha. Kwenye majengo, utaratibu huo uliandikwa baadaye sana. Jumuiya ya wahandisi ya Marekani, ASHRAE, ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu mifumo ya kupasha na kupoza hewa mwaka 1989, kisha mwaka 2005 ikatoa mwongozo wa jengo zima. Leo jengo linalotaka cheti cha LEED, kile cha Marekani cha majengo yanayotunza mazingira, halikipati bila kupitia uthibitisho huo.

Majengo yetu tunayapokea kwa sala, utepe na pilau. Sina neno na sala wala pilau. Mtu aliyejinyima miaka 10 akapandisha ghorofa ana haki ya kumshukuru Mungu na kulisha majirani. Ninachoomba ni kwamba kabla ya sala hiyo kuwe na siku mbili au tatu ambazo hakuna mgeni rasmi, ni watu wenye vipimo mkononi na daftari.

Kuna atakayesema mbona ukaguzi upo tayari. Upo. Halmashauri inatoa kibali cha ujenzi baada ya kupitia michoro. Kila taaluma inasajiliwa na bodi yake: makandarasi na CRB, wahandisi na ERB, wabunifu majengo na wakadiriaji na AQRB. TANESCO kabla ya kukuunganishia umeme inataka karatasi za mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linakagua vifaa vya moto. Yote haya ni ya lazima na sitaki hata moja lipunguzwe. Lakini kila mmoja wao anatazama kama kipande chake ni salama na kama sheria imefuatwa. Jengo linaweza kufuata sheria zote na bado likamfilisi mwenyewe polepole, kwa dizeli, kwa fundi wa kila wiki, kwa wageni wasiorudi. Sheria haijui kwamba ulitaka vyumba 24 vyote vipate maji ya moto. Unayejua ni wewe, na kama hukuandika, hata mchoraji wako hajui.

Hapo kwenye kuandika nataka nikae kidogo, maana watu wengi wanadhani uthibitisho ni mambo ya mashine na mita. Nusu ya faida yake iko kwenye karatasi ya kwanza.

Mwenye jengo akienda kwa mchoraji husema, "Nataka gesti nzuri ya kisasa, ghorofa tatu." Hilo haliwezi kupimwa na mtu yeyote. Jaribu hivi: chumba cha mwisho ghorofa ya tatu kipate maji ya moto ndani ya nusu dakika tangu bomba lifunguliwe. Mvua ya Machi ikipiga na upepo, maji yasiingie barazani. Mgeni wa chumba kilicho karibu na jenereta aweze kulala ikiwa inawaka. Umeme wa nje ukikatika usiku kucha, jengo liendelee kwa lita kadhaa za dizeli, na useme ni ngapi unazoweza kulipia. Sentensi kama hizo 20 zinaenea kwenye kurasa mbili za daftari la shule. Mtu anaweza kusimama mbele ya kila moja akasema ndiyo au hapana. Mchoraji akishazipokea, na yeye aandike chini ya kila moja ataifikiaje: bomba la ukubwa gani, tangi kwenye kimo gani, hita ya aina gani. Hapo mabishano mengi huibuka, na ni mabishano ya bei nafuu, kwa sababu yako kwenye karatasi. Yule mama angeandika ule mstari wa maji ya moto, mchoraji angelazimika kupiga hesabu, angekuta shawa 24 zinataka kilowati 108, na palepale angependekeza hita za jua za paa zima zenye gesi ya kusaidia siku za mawingu. Kuchora bomba moja la ziada kungemgharimu kalamu. Leo ili kulipitisha inabidi kupasua vigae vya vyumba 24.

Baada ya karatasi, kazi inahamia saiti. Kuna vitu vikishafunikwa havionekani tena mpaka vivuje. Mabomba ya ndani ya ukuta yapigwe presha mara moja na nusu ya presha yatakayofanyia kazi, yaachwe hivyo, mshale wa geji upigwe picha asubuhi na jioni, ndipo mpiga plasta aingie. Nyaya zipimwe kama ganda lake halipitishi umeme. Kipimo kikisoma chini ya megaomu moja, kazi irudiwe. Mbao za kenchi zipimwe unyevu. Sisi tuko jirani na Sao Hill, msitu mkubwa wa kupandwa kuliko yote nchini, na urahisi huo unatuponza: mbao hutoka Mafinga zikiwa bado mbichi, zinapigiliwa juu, zinakaukia paani, misumari inalegea, na mwaka wa pili siling bodi imepasuka mistari. Kipimo cha unyevu wa mbao ni kidude kidogo cha kushika mkononi. Sijawahi kukuta saiti ya mtu binafsi wakikitumia bila kuambiwa.

Kisha yanakuja majaribio yenyewe, na hapa kuna tofauti ambayo mafundi wengi hawaioni mpaka uwaonyeshe. Kuwasha kitu kimojakimoja ni jambo moja. Kuviona vikifanya kazi pamoja ni jambo jingine kabisa, na majengo huwa yanafeli pale vitu vinapokutana.

Iringa ndiko nilikofundishwa hilo na mtu ambaye hajasomea umeme. Niliitwa kwenye bweni la shule moja, liko kwenye mwinuko, maji yanasukumwa na pampu kutoka tangi la chini hadi la juu. Malalamiko yalikuwa kwamba dizeli inakwisha vibaya mno. Nilimkuta mzee mlinzi getini, tukasalimiana "Kamwene", akanisindikiza mpaka kwenye kibanda cha pampu. Nikiwa bado nafungua begi akasema, "Mwanangu, mimi si fundi. Ila hii pampu ikivuta na jenereta inalia sauti nyingine." Nilimuuliza tangu lini. "Tangu ije."

Nilitoa kifuniko cha feni nyuma ya mota, tukaangalia pamoja. Kwa umeme wa gridi, mota ilizunguka kufuata mshale uliochorwa kwenye ganda lake. Tukahamia jenereta: ikazunguka kinyume. Nyaya za fezi za jenereta zilikuwa zimefungwa kwa mpangilio tofauti na za gridi. Pampu ya aina ile ikizunguka kinyume haisimami. Inaendelea kusukuma maji, ila kidogo. Tangi lililojaa kwa saa mbili kwa umeme wa gridi lilichukua karibu saa tano kwa jenereta. Mwaka mzima na nusu shule ilikuwa inanunua dizeli ya kuzungusha pampu kinyumenyume. Kurekebisha ilikuwa kubadilishana nyaya mbili. Hatukumaliza dakika 15.

Siku ya makabidhiano pampu ilijaribiwa kwa gridi, ikapita. Jenereta ikawashwa peke yake, ikapita. Hakuna aliyejaribu pampu juu ya jenereta. Na mzee aliyesikia kasoro kwa masikio yake hakuna aliyemuuliza, kwa sababu hakuwamo kwenye mafunzo. Mafunzo yenyewe hayakuwapo. Uthibitisho unaofanywa sawasawa humweka mtu kama yule mbele: mtunza jengo, mlinzi, kijana wa usafi anayejua ni choo kipi kinarudisha maji. Waonyeshwe koki ya kufunga maji ya kila ghorofa iko wapi na iandikwe jina. Waonyeshwe kitufe cha kujaribia kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, na wakibonyeze wenyewe. Waachiwe faili lenye michoro ya jinsi jengo lilivyojengwa kweli, si lilivyokusudiwa.

Moto nao una mtego wake wa namna hiyohiyo. Mbeya hatuhitaji kukumbushwa habari za moto. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006 na wapo wafanyabiashara ambao hawakusimama tena. Kwenye jengo la ghorofa lenye mipira ya maji ya kuzimia moto, tazama pampu yake inachukua umeme wapi. Nimekuta zaidi ya mara moja imefungwa baada ya meni, yaani swichi kuu ya jengo. Moto ukitokea, jambo la kwanza ambalo mtu yeyote mwenye akili atafanya ni kuzima meni. Akizima, pampu ya moto nayo imekufa. Pampu hiyo inatakiwa ipate umeme wake kabla ya meni. Kasoro hii haionekani kwa kutazama mpira mwekundu ukutani ulivyong'aa. Inaonekana kwa kuzima meni, kupanda ghorofa ya juu, kufungua mpira na kungoja. Kazi ya dakika tano, na ningependa kila mwenye hosteli ya wanafunzi katika mikoa hii aifanye wiki hii, bila kusubiri mshauri, na mlango wa jikoni awe amebandika 114 kwa herufi kubwa.

Sasa fedha, maana mwenye jengo anataka kujua analipia nini. Utafiti unaonukuliwa zaidi ni wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley ya California, wa mwaka 2009, ulioongozwa na Evan Mills. Walikusanya habari za majengo 643 ya Marekani na kuhesabu kasoro zaidi ya 10,000 zilizogunduliwa. Kwa majengo yaliyokuwa yakitumika tayari, matumizi ya nishati yalipungua kwa asilimia 16 kwa jengo la katikati ya orodha, na gharama ilirudi ndani ya mwaka mmoja na mwezi hivi. Kwa majengo mapya upungufu ulikuwa asilimia 13 na gharama ilirudi ndani ya miaka minne na kidogo. Gharama yenyewe kwa majengo mapya ilikuwa kama asilimia 0.4 ya gharama ya ujenzi.

Nisingependa mtu achukue namba hizo azibandike Uyole, hapa Mbeya. Yale ni majengo makubwa, yenye mitambo ya kupoza na kupasha hewa inayokula umeme mchana na usiku. Huku kwetu ukifungua dirisha umepoza hewa. Jengo letu pia ni dogo, na siku tatu za mhandisi kwenye jengo dogo ni fungu kubwa zaidi la gharama kuliko kwenye mnara. Faida yetu haiko sana kwenye bili ya umeme. Iko kwenye dizeli, kama ile ya Iringa. Iko kwenye vigae visivyopasuliwa. Iko kwenye wageni wawili waliohama na wale waliowasimulia. Na kuna faida ambayo kwa maoni yangu inazidi zote hizo: mwenye jengo anapata sauti mbele ya mkandarasi wakati bado ana kitu mkononi.

Kitu hicho ni fedha zinazozuiwa, zile watu wa ujenzi huziita ritensheni. Mikataba mingi hapa nchini humruhusu mwenye jengo kuzuia asilimia 5 au 10 ya malipo. Sehemu hulipwa jengo likikabidhiwa, na iliyobaki hulipwa kipindi cha matazamio kikiisha, ambacho mara nyingi ni miezi 12. Ndani ya kipindi hicho kasoro ni mzigo wa mkandarasi. Baada yake ni mzigo wako. Nimeona wenye majengo wakitia saini kuachia fedha hizo ofisini, juu ya chai, bila kupanda ngazi. Hawana orodha ya walichokijaribu, kwa hiyo hawana cha kudai. Aliye na orodha iliyoandikwa "shawa ya tisa, jenereta imezidiwa, tarehe fulani, waliokuwepo fulani na fulani" hana haja ya kupandisha sauti.

Wataalamu wa uthibitisho hupendekeza kurudi kwenye jengo miezi 10 baada ya makabidhiano, ili ibaki miezi miwili ya kurekebisha kabla dirisha halijafungwa. Kwetu nyanda za juu kusini ningeongeza jambo: hesabu misimu, si miezi peke yake. Mvua zetu huanza Novemba zikaenda mpaka Aprili, na Tukuyu ambako kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000 hazijui hata kupumzika. Paa lililokabidhiwa Agosti halijajaribiwa na kitu chochote. Gata zake, miinamo ya baraza, shimo la maji taka lililochimbwa kwenye udongo mkavu, vyote bado ni ahadi. Ethi, ile fimbo ya chuma inayoshusha umeme ardhini, nayo ina tabia yake: udongo ukiwa na maji, hupima vizuri na kila mtu anafurahi. Ifikapo Oktoba udongo umekauka, kipimo kimepanda, na radi za kwanza za msimu hukuta jengo halina njia nzuri ya kuzishusha chini. Kwa hiyo ethi ipimwe Oktoba, paa litazamwe Februari au Machi, na maji ya moto yajaribiwe Juni au Julai, hasa kwa wenye majengo Njombe na Makete, ambako barafu ya alfajiri inaweza kupasua bomba la hita ya jua lililoachwa wazi paani. Uthibitisho wa siku moja, hata ungefanywa na nani, utakuwa umeona msimu mmoja.

Nani aifanye? Kinyozi hajinyoi. Aliyefunga nyaya asiwe ndiye anayetia saini kwamba zimefungwa vyema, na msimamizi aliyekubali kazi kila wiki asiachiwe peke yake kuihukumu mwishoni. Si kwamba ni watu wabaya. Jicho la aliyefanya kazi linaona alichokusudia. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa asiye na fungu kwenye mkataba wa ujenzi, mlipe wewe mwenyewe, na aripoti kwako. Mbeya tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, tuna VETA, Iringa vilevile. Vijana wenye uwezo wa kushika vipimo hivi wapo, wanazunguka na vyeti wakitafuta kazi. Sehemu ya sababu hawaitwi ni kwamba sisi tunaowashauri wenye majengo hatujawaeleza kwamba kazi hii ipo. Hilo ni kosa letu na ninalikubali.

Kwa nyumba ya kuishi ya vyumba vinne sitakudanganya kwamba unahitaji mwongozo wa kurasa mia. Fundi umeme mmoja na fundi bomba mmoja, wote wageni kwenye saiti hiyo, siku moja, fungua kila kitu kwa pamoja, andika. Inatosha.

Wakandarasi wengine hunijia juu wakisema nawaongezea kazi na kuchelewesha malipo. Mkandarasi mzuri nimemwona akiipenda kazi hii kuliko mwenye jengo. Akishajua tangu mwanzo kwamba pampu itajaribiwa juu ya jenereta, anaifunga vizuri siku ya kwanza, na mwaka ukiisha hasumbuliwi na simu za usiku. Anayeogopa kuwashiwa vitu vyote kwa pamoja, mwulize taratibu ni kwa nini.

Yule mama tulimpatia nafuu tu. Tulitenga nyaya ili jenereta ibebe shawa sita, vyumba vya mbele, na mapokezi wanamweleza mgeni wa chumba kingine mapema kwamba umeme ukikatika ataletewa maji ya moto kwenye ndoo. Wanayachemsha jikoni kwa gesi. Anaona haya kila anapolisema hilo kwa mgeni, namjua kwa sauti.

Mwezi uliopita alinipigia nikapite kwake. Amepata kiwanja kingine, Uyole, anataka kujenga vyumba 16. Alinikaribisha chai, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu akaniwekea mezani. Ukurasa wa kwanza, kwa ule mwandiko wa wauguzi ulionyooka, ameandika: "Umeme ukikatika saa 11 alfajiri mwezi wa saba, vyumba vyote 16 vipate maji ya moto." Pembeni amepiga mistari miwili kwa rula, mmoja wa saini ya atakayejaribu na mwingine wa tarehe. Chini yake kuna sentensi nyingine 13. Nilimuuliza mchoraji ni nani.

"Bado," alisema. "Nilitaka hili liishe kwanza."